Umeme Safi Juu ya Ardhi ya Nani?

Nchi nyingi zinajadili namna ya kuachana na makaa ya mawe na mafuta bila kuwaumiza wananchi wake. Kenya imekwisha kuvuka sehemu kubwa ya njia hiyo. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke peke yake hutoa karibu nusu. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua mageuzi ya haki yanapangwaje ana mengi ya kujifunza hapa, maana maswali ambayo wengine wanayauliza kuhusu kesho, Kenya ilianza kuyajibu zamani, mara vizuri na mara nyingi vibaya. Huko Ulaya na Marekani mjadala huu huanzia kwa wachimbaji wa makaa wanaopoteza kazi, na ni sawa, kwa kuwa ndio wanaoumia kwanza. Kenya haikuwa na migodi ya makaa ya kufunga. Mzigo uliwaangukia wafugaji na wakulima walioishi pale maji yalipoporomoka, mvuke ulipofuka na upepo ulipovuma. Ukiifuatilia historia yao mradi kwa mradi, utaona kwamba kilichoamua nani afaidike na nani aumie ni hadhi ya ardhi mbele ya sheria siku wahandisi walipofika. Aina ya nishati, nia njema ya wafadhili na hata wingi wa fedha za fidia vilikuwa na uzito mdogo kuliko hati miliki.

Umeme ulipoanza, suala la ardhi halikuonekana. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta iliyokuwa ikiwasha taa za jumba la Sultani wa Zanzibar, ikatumiwa na kampuni ya umeme ya mji huo. Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaungana. Wateja walikuwa maofisi ya serikali, reli, maduka ya mjini na mashamba ya walowezi. Mwaka 1954 iliundwa kampuni nyingine ya kuleta umeme kutoka bwawa la Owen Falls, Jinja, na nyaya kutoka Tororo hadi Nairobi zikapita juu ya mashamba na vijiji ambavyo havikuwamo katika hesabu ya wateja. Mashine zenyewe hazikuhitaji eneo kubwa, hivyo hakuna aliyeuliza ardhi ni ya nani. Hata hivyo, mazoea mawili yalizaliwa wakati huo na yakarithiwa na Kenya huru: kwamba umeme hupangwa kwa kutazama mji unaoutumia, na kwamba nchi iliyo katikati ni njia ya kupitia tu.

Mazoea hayo yalipimwa kwa mara ya kwanza kwenye Mto Tana. Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968, ikafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Kwa miaka mingi mabwawa hayo ndiyo yaliyoibeba Kenya. Lakini safari hii ardhi ilihitajika kwa maelfu ya ekari, na sehemu kubwa ya nchi ile ya ukame kati ya Wambeere na Wakamba ilitumiwa kwa haki za kimila. Katiba ya uhuru iliikabidhi ardhi ya namna hiyo kwa mabaraza ya kaunti iwe amana kwa niaba ya wakazi, na sheria ikaruhusu itengwe kwa matumizi ya umma kisha wakazi walipwe. Kiambere inaonyesha malipo hayo yalifika wapi. Watu walipewa fedha taslimu wakaachwa wajitafutie pa kwenda. Utafiti uliofanywa baadaye uligundua kwamba wastani wa ardhi ya familia zilizohamishwa ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na mapato ya familia yakaanguka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Hiyo ni hasara ya asilimia 82. Fedha zilitolewa na risiti zipo, ila walichopoteza watu hao kilikuwa haki ya kulima, kulisha na kuhamahama katika eneo pana, haki ambayo haikuwa na karatasi ya kuitaja. Mthamini alihesabu alichokiona: kibanda, mwembe, shamba la msimu ule.

Walio chini ya mto hawakuhesabiwa kabisa. Wapokomo walipanda mpunga na migomba kwenye kingo za Tana kwa kufuata mafuriko ya misimu miwili ya mvua, na Waorma waliteremsha ng'ombe kwenye malisho ya delta kiangazi kilipoiunguza nyika. Mabwawa ya juu, hasa Masinga na Kiambere, yalihifadhi maji na kuyapunguza mafuriko hayo. Hakuna aliyenyang'anywa hata hatua moja ya ardhi kule kwenye delta, kwa hiyo kwa hesabu ya mradi hakuna aliyedhurika. Ndiyo maana ni vigumu kukubali dai kwamba tatizo la Kiambere lilikuwa uchache wa fedha. Hata mfuko wa fidia ungekuwa mara kumi, Mpokomo asingepata senti, kwa sababu utaratibu wenyewe haukumwona. Haki ya kutumia mafuriko haikuandikwa popote, na kisichoandikwa hakikuingia kwenye mizania.

Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ina historia ndefu zaidi ya mashimo yake ya mvuke. Mkataba wa mwaka 1904 kati ya Waingereza na Wamaasai uliwaondoa wafugaji katika nchi ya Bonde la Ufa iliyokuwa karibu na reli, na ule wa mwaka 1911 ukawaondoa tena Laikipia. Ardhi ya Naivasha ikawa ranchi za walowezi. Familia za Kimaasai hazikuacha kuchunga huko, lakini mbele ya sheria zilikuwa zikikaa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Visima vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, utafiti ukarudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Hicho kilikuwa kituo cha kwanza kikubwa cha mvuke barani Afrika. Mwaka 1984 eneo jirani likatangazwa kuwa Mbuga ya Hell's Gate. Hivyo ndani ya miaka themanini wafugaji walewale walikuwa wamezungukwa na ranchi, mbuga na mabomba, na katika kila hatua jibu la kisheria lilikuwa moja: hamna hati.

Mwaka 2014, kituo cha Olkaria IV chenye megawati 140 kilipokuwa tayari, familia zipatazo 150 kutoka vijiji vinne zilihamishiwa mahali palipopewa jina la RAPland. Mradi huu ulisimamiwa kwa kanuni za Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na kwa karatasi ulikuwa mbali sana na Kiambere. Familia zilijengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati, na zikaahidiwa ardhi ya pamoja yenye hati. Bado malalamiko yalifika kwenye benki zote mbili. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilitoa ripoti mwaka 2015 likionyesha kasoro, zikiwemo kutotumiwa ipasavyo kwa lugha ya Kimaa katika mashauriano na kutowatambua Wamaasai hao kulingana na sera ya benki kuhusu jamii za asili. Usuluhishi ukafuata, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016. Pamoja na kasoro zake, RAPland ni ushahidi muhimu katika hoja hii. Kilichoitofautisha na uhamisho wa awali ni kwamba kwa mara hii waliohamishwa walikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko na ardhi ya kudai kwa jina lao. Haki hizo mbili hazikutoka kwenye sheria ya Kenya ya wakati huo. Zilikuja pamoja na masharti ya mkopo.

Mahali ambapo masharti hayo yalikuwa mepesi, historia ilijirudia kwa upepo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, umesimama katika Kaunti ya Marsabit kwenye ardhi ya ekari 150,000 iliyokodishwa na Baraza la Kaunti ya Marsabit kabla ya katiba ya mwaka 2010. Warendille, Wasamburu, Waturkana na Wa-El Molo wamekuwa wakiitumia nchi hiyo kwa malisho, visima na njia za kuelekea ziwani. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Ujenzi ukaendelea, Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mradi Julai 2019, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikaamua kwamba ardhi ile ilitengwa bila kufuata katiba na sheria. Mahakama ilitoa mwaka mmoja wa kurekebisha utaratibu, na mwaka 2023 ikakataa kuongeza muda. Wakati huohuo nyaya za zaidi ya kilomita 400 zilikuwa zikipeleka umeme hadi Suswa, huku nyumba za jirani na mitambo zikibaki gizani. Mazoea ya mwaka 1954 yalikuwa bado hai: mji ndio mteja, na nyika ni njia.

Linganisha na miradi miwili ambako wananchi walikuwa na hati mkononi. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, ni nchi ya wakulima wadogo waliogawiwa mashamba ya walowezi wakati wa uhuru. Kampuni ilipotaka kujenga hapo mitambo ya upepo ya megawati 60.8, wakulima waligawanyika, wengi wakapinga, maandamano yakasababisha kifo, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Kipeto, katika Kaunti ya Kajiado, iko kwenye ardhi iliyokuwa imegawanywa kwa wamiliki binafsi. Hapo kampuni ililazimika kuzungumza na familia moja baada ya nyingine. Wamiliki walibaki na mashamba yao na kuendelea kuchunga chini ya mitambo, wakalipwa kwa kukodisha ardhi na kupata sehemu ya mapato, wakajengewa nyumba, na amana ya jamii ikapewa asilimia 5 ya umiliki wa mradi wenyewe. Megawati 100 za Kipeto zimekuwa zikiingia kwenye gridi tangu mwaka 2021. Upepo wa Kajiado haukuwa na huruma zaidi kuliko wa Marsabit, wala wawekezaji wake hawakuwa malaika. Walikutana na watu wenye uwezo wa kusema hapana, na watu wa namna hiyo hupewa masharti tofauti.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni anasa. Tabianchi haingoji, ukame tayari umeua mifugo ya wafugaji haohao, na kila mwaka unaopotea katika mikutano ya vijiji ni mwaka mwingine wa kuchoma mafuta. Ni hoja nzito, na historia ya Kenya yenyewe inaipa nguvu: upungufu wa maji mabwawani mwaka 2000 ulileta mgao mkali wa umeme na kulazimisha nchi kukodi jenereta za dizeli. Lakini ukiangalia ni nini hasa kilichochelewesha miradi, wananchi si wakosaji wakuu. Umeme wa Ziwa Turkana ulikaa bila njia ya kufika sokoni kwa sababu mkandarasi wa nyaya kutoka Hispania alifilisika mwaka 2017, na serikali ikalazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukutumika. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa mwaka 2012 kwa kuhofia mzigo wa aina hiyohiyo. Kinangop, ambako wananchi kweli ndio waliozuia, kampuni ilifika na mpango uliokwisha kukamilika ikitafuta saini. Mashauriano yaliyoahirishwa mwanzoni hayakuokoa muda. Yalirudi baadaye kama kesi, na kesi ni njia ya gharama kubwa zaidi ya kushauriana.

Anayetaka kasi akumbuke pia Lamu. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa huko, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watetezi wa mazingira walishangilia, na walikuwa na haki. Kanuni iliyowalinda wavuvi wa Lamu dhidi ya makaa ni ileile ambayo wafugaji wa Marsabit waliiomba iwalinde dhidi ya utaratibu mbovu wa upepo. Haiwezekani ushirikishwaji uwe ngao ya mazingira pale mradi unapokuwa mchafu, kisha uitwe kikwazo cha maendeleo pale unapokuwa safi. Kama nishati safi itajengewa kinga dhidi ya kanuni hiyo, mradi wa makaa utakaofuata utaomba kinga hiyohiyo kwa jina la ajira au usalama wa taifa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watetezi wa wafugaji wenyewe. Kusifu Kipeto, wanasema, ni kusifu ugawaji wa ardhi ya malisho vipande vipande. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 zilivunjwa katika sehemu nyingi za Kajiado. Wanaume wakaandikishwa kuwa wamiliki, wanawake na vijana wengi wakaachwa nje, wengine wakauza wakabaki bila mahali, na seng'enge zikafunga njia za mifugo. Haya ni kweli, na yanatosha kuonyesha kwamba hati ya mtu mmoja mmoja haifai kuwa dawa ya nchi nzima, hasa kaskazini ambako mvua haitabiriki na uhai wa mifugo unategemea kuhama. Ila funzo la Kipeto ni nguvu ya kujadiliana, na nguvu hiyo inaweza kushikwa na jamii kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliundwa kwa ajili hiyo. Inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa hati moja na kufanya maamuzi makubwa katika mkutano wa wanajamii, kwa theluthi mbili ya kura. Kasoro ni kwamba usajili umekwenda kwa kusuasua huku ramani za upepo, jua na mvuke zikichorwa haraka. Jamii ambayo haijasajiliwa inabaki chini ya uangalizi wa serikali ya kaunti, yaani palepale ilipokuwa enzi za mabaraza.

Wengine wataona kwamba yote haya yamekwisha kutatuliwa kwa kugawana mapato. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini kwa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo husika, na kampuni zina mifuko ya kuchimba visima na kujenga madarasa. Hatua hiyo ya sheria ni ya kupongezwa, lakini mgawo huo unahusu mvuke, na wafugaji wa nchi ya upepo na jua hawana wa kwao. Zaidi ya hapo, mrabaha hauna maana bila kujua jamii ni nani. Asilimia 5 inahitaji daftari la wanajamii, viongozi waliochaguliwa na mipaka inayokubalika, vitu ambavyo usajili wa ardhi ndio unaovizaa. Bila hivyo, fedha huishia kwa wenye sauti na kuchochea ugomvi kati ya makabila jirani. Kisima na darasa ni vitu vyema, ila zawadi hutolewa kwa hiari ya mtoaji na huweza kukoma bajeti inapobadilika. Kodi ya ardhi iliyoandikwa kwenye mkataba haikomi kwa hiari ya upande mmoja.

Kutokana na ushahidi huu, mpango wa haki hauhitaji kubuni falsafa mpya. Unahitaji kubadilisha mfuatano wa kazi. Hadi sasa ramani ya rasilimali hutangulia, leseni hufuata, fedha hutafutwa, kisha mwishoni wakazi huitwa kusikiliza. Sheria ya Nishati inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mipango hiyo ndiyo mahali pa kuweka masharti mawili. La kwanza ni kwamba eneo lolote litakalotajwa kuwa la upepo, jua au mvuke lisajiliwe kwa jina la jamii, pamoja na haki za maji na njia za mifugo, kabla leseni ya utafiti haijatolewa, na gharama ya usajili ihesabiwe kama gharama ya mradi. Tukikumbuka Wapokomo, usajili huo uguse pia wanaotegemea rasilimali ileile kwa mbali. La pili ni kwamba hakuna laini kubwa itakayotoka katika kaunti bila kuacha umeme kwa wanaoishi chini yake, iwe kwa kituo cha kupoza umeme au kwa mitambo midogo ya sola. Katika sensa ya mwaka 2019, takriban nusu tu ya kaya za Kenya zilitumia umeme wa gridi kwa mwanga, na karibu kaya moja kati ya tano ilitegemea sola. Masharti haya yatapandisha gharama ya megawati za mwanzo. Wafugaji na wakulima wamekuwa wakiilipa gharama hiyo tangu Kindaruma, na kinachopendekezwa ni iandikwe kwenye bei ya mradi, mbele ya wanaoufadhili na wanaoutumia.